Rumatizimu inayokula viungo: askari wa damu wanapokamatana

Masako, nje ya Kisangani kwenye njia ya zamani ya Buta, vidole vilivyovimba huitwa uzee, baridi au uchawi. Kwa waliokimbia mapigano ya Mbole na Lengola tangu 2023, watu husema ni kulala chini na kubeba mizigo. Lakini kuna rumatizimu moja ambayo baridi haiileti, na anayechelewa kutibiwa anaweza kubaki na mikono iliyopinda.

Mwaka 1940, huko Norway, daktari Erik Waaler aliandika jambo la ajabu. Alichukua chembe nyekundu za damu ya kondoo zilizopakwa kingamwili, akazitia katika majimaji ya damu ya wagonjwa wa viungo. Zikashikamana mafungu mafungu. Harry Rose wa Marekani aliliona tena mwaka 1948, ndiyo maana kipimo kinaitwa Waaler-Rose. Katika miaka ya 1950 ikaeleweka nini kilikuwa kinazishikanisha: kingamwili, yaani askari wa damu, lakini askari anayekamata askari wenzake.

Mafungu ya askari hao yakikwama ndani ya kiungo, chembe nyeupe zinazomeza uchafu huyachukua kama adui. Humwaga kemikali zinazoita chembe nyingine, utando wa ndani wa kiungo hunenepa, maji na joto hujaa. Mwishowe chembe zinazotafuna mfupa huanza kazi. Kingamwili za aina ya pili, zilizofahamika vizuri Uholanzi mwaka 1998, hushika protini za mwili wenyewe zilizobadilika kidogo. Hizo zinaweza kuwemo katika damu miaka kadhaa kabla ya kidole cha kwanza kuuma.

Zamani madaktari wengi waliona ugonjwa huu ni nadra kwa Waafrika. Brian Greenwood, akiwa Ibadan, Nigeria, aliandika mwaka 1968 kwamba huenda malaria ndiyo inayouzuia. Wazo zuri, ila liliwastarehesha watu mno. Uchunguzi wa Kinshasa uliochapishwa mwaka 2012, kwa watu 5,000, uliukuta kwa karibu 6 katika kila 1,000, kiasi kinachokaribia cha Ulaya.

Malaria ina hila nyingine: kama kifua kikuu na ukoma, nayo huweza kuamsha kingamwili ile ile ya Waaler. Basi karatasi ya maabara peke yake haimhukumu mtu, wala haimwachi huru. Daktari hutazama mikono: vifundo vidogo vya pande zote mbili, vimevimba wiki 6 au zaidi, vigumu kila asubuhi kwa zaidi ya nusu saa.

Wazee waliomeza Nivaquine watashangaa. Mwaka 1951, London, daktari Francis Page aliwapa wagonjwa wa lupusi mepakrini, dawa ya malaria, na baadhi yao viungo navyo vikatulia. Kongo iliacha kutibu malaria kwa klorokini mwaka 2001, kwa sababu vimelea vilikuwa vimeizoea. Ndugu yake, hidroksiklorokini, bado hutolewa kwa viungo, mara nyingi pamoja na metotreksati, ambayo humezwa mara moja kwa juma, si kila siku.