Nyaya Zilizopita Juu ya Singida Bila Kuwasha Taa

Katika miaka ya 1980, njia ya umeme wa msongo wa kilovolti 220 ilivutwa kutoka Iringa kupitia Mtera, Dodoma na Singida, ikaelekea Shinyanga na Mwanza. Singida mjini ikawa kwenye Gridi ya Taifa, lakini vijiji vingi vilivyopitiwa na nyaya hizo viliendelea kuwasha koroboi na kusaga nafaka kwa mashine za dizeli. Miaka ya 2010 ikajengwa njia nyingine ya kilovolti 400, takriban kilometa 670 kutoka Iringa hadi Shinyanga, nayo ikapita juu vilevile. Wengi husema vijiji vilisahauliwa tu. Kauli hiyo ina ukweli, ila haielezi kwa nini umeme uliopita juu ya paa haukuweza kushushwa pale pale. Jibu hilo limo katika somo la umeme na sumaku la shule ya msingi, na linafundishwa nusu.

Nusu inayofundishwa ni ile ya mwaka 1820, Hans Christian Ørsted alipoona sindano ya dira ikigeuka karibu na waya wenye umeme. Mwanafunzi huzungushia msumari waya uliofunikwa plastiki, huunganisha betri, na msumari hunasa pini. Akikata umeme, pini nyingi huanguka. Nusu inayoachwa ni ya Michael Faraday, London, Agosti 1831. Alizungushia pete ya chuma koili mbili zisizogusana. Alipounganisha betri kwenye koili ya kwanza, umeme ulionekana kwenye ya pili kwa kitambo kidogo, ukatoweka, ukaonekana tena alipoikata. Sumaku isiyobadilika haikutoa kitu. Pete ile ndiyo babu wa kila transfoma, na ndiyo sababu gridi yetu hutumia umeme unaogeuka mwelekeo mara kwa mara: bila mabadiliko hayo, transfoma ni chuma na mafuta tu. Msongo mkubwa nao si anasa. Kwa nyaya zilezile na kiasi kilekile cha nguvu ya umeme inayosafirishwa, kupandisha kutoka kilovolti 220 hadi 400 hupunguza upotevu njiani hadi chini ya theluthi moja. Lakini msongo huo lazima ushushwe kwenye kituo cha kupoza umeme hadi kilovolti 33, kisha transfoma ya kwenye nguzo iushushe hadi volti 230 za nyumbani. Kituo cha aina hiyo hakijengwi kila kijiji.

Mtu anaweza kupinga kwamba fizikia haichagui nani akae gizani, na yuko sahihi. Transfoma za nguzoni zilikuwepo tangu zamani. Kilichokosekana ni uamuzi na fedha. Sheria ya Nishati Vijijini ilipitishwa mwaka 2005, na Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ukaanza kazi 2007. Ila tazama fedha zilipopatikana zilikwenda wapi: kwenye nyaya za kilovolti 33 na transfoma, si kwenye kugusa ile njia kubwa. Siasa iliamua lini. Pete ya Faraday iliamua vipi. Wengine watasema haya ni mazito kwa mtoto wa darasa la tano. Sidhani. Aliyekwisha kunasa pini kwa msumari anahitaji koili ya pili na maswali mawili tu. Walimu wa Ikungi, Iramba na Mkalama mkoani Singida, waonyesheni wanafunzi transfoma ya kijiji, wakiwa mbali nayo, na muwaulize kwa nini haihitaji mtu wa kuunganisha na kukata betri.