Safu ya Lugha: Kinga

Kitenzi kukinga kina pande mbili. Mama wa Machakos, ambako mvua ni ya kubahatisha, akitega beseni chini ya gata anakinga maji: anayataka. Anayeinua mkono mbele ya uso anakinga kofi: halitaki. Waliounda neno kingamwili, nadhani, walifikiria mkono tu.

Machakos kwenyewe kulilitatiza neno hilo. Miaka ya 1980, mtafiti Anthony Butterworth na wenzake, Wakenya wakiwemo, waliwatibu watoto wa shule kichocho cha tumbo, kisha wakawafuatilia. Wakubwa kwa wadogo walirudi mtoni, ila wadogo ndio walioambukizwa upya kwa wingi. Si kwamba damu yao ilikosa kingamwili. Baadhi ya zilizokuwamo, zilizochochewa na mayai ya minyoo, zilionekana kuziba nafasi tu: zilimshika mnyoo mchanga bila kumdhuru, na zile zenye makali zikakosa pa kushika. Mwenye kukingwa hapo ni nani?

Tegu, mnyoo mwingine, naye ana ujanja wake. Lava wa tegu wa nguruwe, akishajichimbia ubongoni, hutoa kemikali za kuituliza kinga, akakaa miaka mwenyeji asijue. Mara nyingi kifafa huanza lava anapodhoofika na kufa, kinga ikazinduka na kuleta uvimbe.

Badala ya kingamwili, wengine husema antibodi, neno la mkopo lisiloahidi chochote. Kwa habari za minyoo, nalipendelea hilo.