Benchi la Wagonjwa wa Nje

Siku ya kazi katika Dar es Salaam haingoji jua lichomoze. Mchuuzi wa samaki hutakiwa awe Feri kabla mashua hazijamaliza kupakua, mama lishe hukanda unga wake wakati wa adhana ya alfajiri, na fundi cherehani wa Kariakoo, mwenye nguo za harusi alizoziahidi kwa Ijumaa, hushona kwa haraka akihofia umeme usije ukakatika. Hata hivyo, miongoni mwa watu hao wenye haraka halali, hawakosekani kila asubuhi walioziacha kazi zao zikining'inia, wakashika bahasha ya kaki na daftari la kliniki, wakaelekea hospitali kuitika miadi ya saa mbili. Na aghalabu adhuhuri huwakuta wangali papo hapo walipoketi asubuhi. Jambo hili limezoeleka hata likadhaniwa kuwa ni sehemu ya maradhi yenyewe, kama homa na kikohozi, ilhali ni kazi ya mikono ya watu, nayo ina tarehe zake.

Katika miji ya Mrima, kabla ya utawala wa kigeni, mwele hakupanga foleni. Tabibu aliitwa nyumbani, akaja na mkoba wake, akakaribishwa kahawa, akaketi kando ya kitanda na kuuliza habari za chakula, usingizi na choo. Au mwenye nguvu za kutembea alimwendea barazani kwake baada ya sala ya alasiri, shughuli za mchana zikiwa zimepungua. Simsifu tabibu huyo kwa elimu ambayo hakuwa nayo: kipindupindu kilipoingia Unguja na mwambao katika miaka ya 1869 na 1870, kiliua watu kwa maelfu, wala hapakuwa na mkoba wa mtu uliokizuia. Nasema tu kwamba, kwa kuwa aliishi mtaa mmoja na wagonjwa wake na riziki yake ilitegemea ridhaa yao, saa zao alizijua, na kuzipoteza kulimgharimu na yeye.

Wajerumani walipoyahamisha makao ya serikali yao kutoka Bagamoyo na kuyaleta Dar es Salaam mwaka 1891, walikuja na mpango mwingine, wa nyumba kubwa ambamo daktari hukaa na wagonjwa ndio wanaomfuata. Hospitali ya wenyeji ilijengwa kwa ihsani ya Sewa Haji Paroo, tajiri wa Kihindi wa Bagamoyo, aliyechuma kwa kuziuzia bidhaa safari za bara na kuzipatia wapagazi, na ambaye sehemu kubwa ya mali yake aliisabilia elimu na wagonjwa, wakoma wakiwamo. Bwana huyo alifariki dunia mwaka 1897, na mwaka huohuo ilikamilika hospitali nyingine, ile ya Ocean Road, iliyoelekezwa baharini ili Wazungu wapate upepo. Waingereza walipoutwaa mji huo Septemba 1916 waliukuta mgawanyo huo wa watu wakauacha kama ulivyo: Mzungu akaendelea kutibiwa Ocean Road, Mwafrika na Mhindi Sewa Haji.

Benchi lilizaliwa upande huu wa pili. Daktari wa serikali ya kikoloni, Bwana Mganga kama alivyoitwa, alikuwa na wodi za kuzungukia asubuhi, na upasuaji, na ripoti za kuiandikia serikali, na nje ya mlango wake walisimama watu wasiokwisha. Dawa ya shida hiyo ilikwisha kupatikana zamani kwao Waingereza, kwa kuwa katika hospitali za hisani za London katika karne ya 19 maskini waliotibiwa bure walikusanywa wote kwa wakati mmoja, wakaketishwa kwenye mabao marefu kwa saa nyingi, ili tabibu, ambaye wakati wake ndio uliopewa thamani, asikae bila mtu mbele yake. Hesabu hiyo ni sahihi ukiipiga ukiwa umeketi upande wa meza aliko daktari. Upande wa pili haikupigwa hesabu yoyote, kwani anayepewa bure haulizwi kama alikuwa na kazi siku hiyo.

Mwaka 1956 ilifunguliwa Upanga hospitali mpya iliyopewa jina la Princess Margaret, ndiyo Muhimbili ya leo, na wagonjwa wa Sewa Haji wakahamishiwa humo. Jina la tajiri likabaki kwenye jengo moja la wodi, ambalo hadi leo watu wa Muhimbili huliita Sewahaji, likitajwa pamoja na Kibasila na Mwaisela. Uhuru ulipopatikana mwaka 1961 madaktari wazalendo walihesabika kwa vidole, na chuo cha kuwafundisha wengine kilianza Dar es Salaam mwaka 1963. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 serikali ilieneza zahanati vijijini na kutoa matibabu bila malipo, na kwa sheria ya mwaka 1977 ikazipiga marufuku hospitali za kutafuta faida. Foleni ya miaka ile iliongezeka urefu kwa sababu njema, nayo ni kwamba wasiokuwa wakifika hospitali sasa walifika.

Iliyofuata si njema hivyo. Dhiki ya uchumi ya miaka ya 1980 ilimaliza dawa katika makabati, na mwaka 1991 hospitali za binafsi ziliruhusiwa tena, mwenye fedha akaanza kununua kitu ambacho awali hakikuwa na bei, yaani kuonwa upesi. Mwaka 1993 ukaanza utaratibu wa kuchangia gharama katika hospitali za serikali. Wengi wamelalamikia ada. Mimi nayalalamikia madirisha. Mgonjwa aliyekuwa na foleni mbili, ya daktari na ya dawa, sasa hulipia kwanza kadi, kisha humwona daktari, kisha hurudi kulipia vipimo, kisha huenda maabara, kisha hurudi kwa daktari na majibu, kisha hulipia dawa, na kila mlango una benchi lake.

Nimeyakalia mabenchi hayo. Nilikuwa na makala ya kufikisha chapani kabla ya saa sita, mgeni wa kupokea stendi, na jicho la kushoto lililoanza kuona ukungu, nikafika katika kliniki moja ya macho kabla ya saa moja. Tuliotangulia tuliweka madaftari yetu mezani, moja juu ya jingine, la wa kwanza chini na la wa mwisho juu. Karani alipokuja aliubeba mrundo ule kama ulivyo na kuanza kuita kutoka juu. Bibi mmoja wa Mbagala, aliyetutangulia sote, alimwambia kwa upole, "Mwanangu, yapindue hayo, sisi wa chini ndio wa mwanzo." Kijana akajibu, "Shikamoo bibi, subirini kidogo tu, wote mtaonwa." Ilipokaribia saa saba muuguzi alitoka kutuarifu kwamba daktari ameitwa chumba cha upasuaji, naye ni mmoja tu. Tukaandikiwa tarehe nyingine, bibi, mimi na wote waliobaki: siku moja, saa mbili asubuhi.

Simlaumu daktari yule, wala muuguzi. Walitumia kanuni waliyoikuta. Siku hizi zipo hospitali zinazotuma miadi kwa ujumbe wa simu, na saa imeandikwa humo waziwazi, lakini wazoefu hufika alfajiri vilevile, kwa kuwa dirishani huangaliwa aliyetangulia kufika, si saa aliyoandikiwa. Na mwenye kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanza kazi mwaka 2001, hakuachiliwa na madirisha. Akifika hupita kwanza kwenye dirisha la uhakiki, ambalo nalo lina watu wake.