Tulinunua Ving'amuzi, Tukasahau Paa

Kama ulikulia kwa nyumba yenye TV ya mgongo mkubwa, unajua hii. Saa moja jioni habari inaanza, picha inajaa chenga, na mtoto mmoja anatumwa nje akashike mlingoti wa antena. Ndani watu wanapiga kelele: "Bado! Zungusha kidogo! Hapo hapo! Aah, umepitisha!" Kwa shosho, Nyandarua, huyo mtoto alikuwa mimi. Ubaya ni kwamba nikiachilia chuma tu, picha inaharibika tena, kwa sababu mwili wangu wenyewe ulikuwa umekuwa sehemu ya antena.

Leo tunazicheka hizo siku ati zilikuwa za ushamba. Mimi naona tulikuwa na ujuzi, na 2015 tukautupa pamoja na ile TV.

Turudi nyuma kiasi. Televisheni ilianza Kenya mwaka wa 1962, ikirushwa kutoka Limuru. 1964 serikali ikachukua shirika lote, likaitwa Voice of Kenya, na kwa zaidi ya miaka 20 hakukuwa na stesheni nyingine. Ilirushwa kwa VHF, mawimbi marefu, ndiyo maana antena za wazee wetu zilikuwa na vyuma virefu kama mkono wa mtu mzima. Halafu 1990 KTN ikaingia Nairobi kwenye chaneli 62, hiyo ni UHF. Mawimbi ya UHF ni mafupi, na chuma chake kinatosha kuwa karibu shubiri moja. Ghafla antena iliyoleta KBC safi ikawa inaleta KTN ya kubahatisha. Watu wakaongeza antena ya pili kwenye mlingoti uleule, na hakuna aliyehitaji semina. Ulikuwa unaangalia paa la jirani, unaiga.

Na ile picha mbaya ilikuwa inakuambia ugonjwa wake. Ukiona chenga, mawimbi ni hafifu: inua antena au izungushe. Ukiona kila mtangazaji ana kivuli chake pembeni, mawimbi yanagonga jengo au kilima na kukufikia mara mbili, mara ya pili kwa kuchelewa. Mistari inayokuja na kwenda? Kuna mtu karibu amewasha mashine. Shosho hajasoma sayansi, lakini alikuwa anayajua haya yote akiwa amekaa kwa kiti.

Dijitali haisemi. King'amuzi kinapokea namba, kinasahihisha makosa kimyakimya, na picha inabaki safi kabisa hata mawimbi yakizidi kudhoofika. Yakishuka chini ya kiwango fulani, yote yanaanguka pamoja: viboksi, sauti inakatika, kisha skrini nyeusi. Ni kama kutembea gizani kuelekea genge. Hatua ya mwisho kabla ya kuanguka inafanana na zile zingine zote.

Haya ndiyo mtu angetueleza 2015. Mnakumbuka vile kulikuwa? Chini ya mkataba wa Geneva wa 2006, tarehe ya mwisho ilikuwa 17 Juni 2015. Hapa kwetu vita vilikuwa vya leseni, nani apewe kazi ya kurusha mawimbi, na kesi ikafika hadi Mahakama ya Juu. Tarehe 14 Februari mitambo ya analogi ya Limuru ikazimwa, na NTV, KTN, Citizen na QTV zikakaa siku 19 bila kuonekana. Kelele zote zilikuwa za king'amuzi: kipi, bei gani, cha nani. Sikumbuki tangazo hata moja lililoniambia nitazame juu ya mabati. Na dijitali yetu iko UHF! Kuna watu walilipia king'amuzi kipya wakakichomeka kwa antena ya vyuma virefu vya VHF, wakaambiwa kimeharibika.

Shosho naye alipigwa vivyo hivyo. Kila mvua ikinyesha, picha inaganda. Mwenye duka akamuuzia busta ya kuweka nyuma ya TV. Haikusaidia. Akamuuzia king'amuzi cha pili. Mimi, mjukuu wa mjini, nikamwambia aachane na antena, aweke dishi alipie kila mwezi. Akanijibu, "Wewe si ndiye ulikuwa unapanda huko juu? Panda uangalie."

Nikapanda na fundi. Pale waya unapoungana na antena, plastiki ilikuwa imepasuka, maji yameingia, shaba imekuwa kijani. Busta ingefanya nini? Ilikuwa inakuza kile kidogo kilichofika chini pamoja na uchafu wake. Fundi alikata futi chache, akaunganisha upya, akafunga mpira vizuri kuzuia maji, kisha akaelekeza antena kama zile za majirani. Busta tukaitoa kabisa.

Halafu tukafungua ukurasa wa nguvu za mawimbi kwenye king'amuzi, ile sehemu ya menyu ambayo hakuna mtu hufungua. Mtoto wa binamu yangu akabaki nje ameshika mlingoti. Shosho akakaa mbele ya skrini akisoma namba kwa sauti: "Arobaini... hamsini na mbili... sitini na... aah, umepitisha!"