Mlezi Mwenye Bunduki: Yatima wa Vita na Kambi ya Nachingwea

Sinema ya muuaji wa kukodiwa, yaani mtu anayelipwa ili amuue mtu asiye na ugomvi naye, ambaye hatimaye hujikuta akimlinda mtoto aliyefiwa na wazazi, ina wapenzi wengi duniani, na Léon ya Mfaransa Luc Besson, iliyotoka mwaka 1994, ndiyo iliyoipa hadithi hiyo sura inayoigwa hadi leo: koti refu, miwani ya giza, maneno machache na risasi zinazopigwa kwa madaha. Mvuto wake wote unasimama juu ya sharti moja, kwamba mtoto huyo hana mtu mwingine duniani, kwani angekuwa na ukoo wa kumpokea, hadithi ingekwisha mlangoni kwa jamaa zake. Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, mila haikuruhusu sharti hilo litimie kwa urahisi. Vita vya ukombozi wa Msumbiji ndivyo vilivyolitimiza, na kwa takriban miaka kumi watu wenye bunduki wakawa kweli walezi wa yatima, katika mazingira yasiyo na madaha hata kidogo.

Wamwera, ambao ni wenyeji wa sehemu kubwa ya wilaya hizo mbili (Ruangwa yenyewe ilikuwa ndani ya Nachingwea kabla ya kufanywa wilaya mwaka 1995), huhesabu ukoo kuukeni, yaani mtoto ni wa upande wa mama yake, na mjomba ndiye mwenye kauli kubwa juu ya malezi, ndoa na urithi wake. Kwa mpango huo mtoto anaweza kufiwa na baba na mama bila kukosa mwenyewe, na ndiyo maana hata njaa kali iliyofuata Vita vya Maji Maji, pale Wajerumani walipoteketeza mashamba na maghala ya chakula kote kusini, haikuufuta ukoo kama mahali pa kwanza pa kumpeleka yatima. Wamakonde na Wamakua, wanaoishi pande zote mbili za mto Ruvuma, mpakani mwa Tanzania na Msumbiji, nao huhesabu ukoo kwa namna hiyo hiyo. Mtoto wa Kimakonde aliyevuka mto miaka ya 1960, kwa hiyo, hakutoka katika jamii isiyojua kutunza yatima. Alitoka katika jamii ambayo wajomba zake walikuwa wametawanywa, wamefungwa au wameuawa.

Mahali alipofikia palikuwa na historia yake ya kushindwa. Nachingwea ilikuwa mojawapo ya vituo vitatu vya mradi wa karanga ambao serikali ya Uingereza iliuanzisha Tanganyika mwaka 1947, pamoja na Kongwa na Urambo, na kwa ajili yake ilijengwa bandari ya Mtwara na reli ya kwenda bara. Mradi ukaachwa mwaka 1951 baada ya kumeza mamilioni ya pauni na kutoa karanga chache mno, na reli nayo ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kilichobaki ni ardhi iliyokwisha kufyekwa, majengo, na mashamba yaliyojulikana kwa namba. Moja kati ya hayo, Farm 17, lilikabidhiwa kwa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji kilichoundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962 chini ya Eduardo Mondlane, ambacho kilianza vita dhidi ya watawala wa Kireno tarehe 25 Septemba 1964. Chini ya Samora Machel, aliyepata mafunzo ya kijeshi Algeria, Nachingwea ikawa kambi kuu ya kuwafundisha wapiganaji, ambao pamoja na kujifunza silaha walilima chakula chao wenyewe na kusomeshwa siasa.

Wakati huo huo makumi ya maelfu ya raia walikuwa wakivuka Ruvuma, na serikali ya Tanzania ikawatengea makazi ya wakimbizi, yakiwemo Rutamba katika Lindi na Matekwe katika Nachingwea. Watoto waliookotwa peke yao, ama upande huu wa mto ama katika maeneo ambayo FRELIMO ilikuwa imekwisha kuyakomboa huko Cabo Delgado na Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, waliangukia mikononi mwa Kikosi cha Wanawake, ambacho chama kiliamua kukiunda mwaka 1966. Mwaka uliofuata wanawake 25 walipewa mafunzo ya kijeshi Nachingwea, nao walirudi vitani kubeba silaha na risasi kwa miguu, kuwahamasisha wanavijiji, kulinda maeneo yaliyokombolewa na kuendesha vituo vya kulelea yatima. Miongoni mwao alikuwamo Josina Muthemba, aliyezaliwa mwaka 1945, ambaye aliacha nafasi ya kwenda kusoma Uswisi ili ajiunge na mapambano, na mwaka 1969 akakabidhiwa idara ya ustawi wa jamii, iliyokuwa na dhamana ya watoto hao. Mwaka huo huo aliolewa na Samora katika kituo cha elimu cha FRELIMO huko Tunduru. Alifariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971 akiwa na umri wa miaka 25, na mwanawe wa pekee akawa yatima wa mama kabla hajatimiza mwaka mmoja na nusu.

Katika malezi hayo chama kilichukua nafasi ya mjomba, na kilikusudia kuichukua. Viongozi wa FRELIMO waliziona mahari, unyago na mamlaka ya wazee kuwa minyororo ya zamani, na yatima, kwa kuwa hakuwa na mzee wa kumdai, alikuwa ndiye raia mpya wa kwanza. Hukumu ya haki ni kwamba malezi hayo yaliokoa maisha ya watoto ambao hakuna mwingine aliyekuwa tayari kuwabeba chini ya mabomu ya Wareno. Lakini mlezi ambaye pia ni jeshi na mahakama ana hatari ambayo mjomba, hata akiwa mkali namna gani, hana.

Hatari hiyo ilionekana baada ya Mondlane kuuawa Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969 kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu alichotumiwa, mauaji ya kupanga ambayo mtendaji wake hakuhitaji hata kuonekana. Uria Simango, mchungaji wa kanisa aliyekuwa makamu wa Mondlane, alishindwa katika mvutano wa kurithi uongozi, ulioishia mikononi mwa Samora, akachapisha shutuma kali dhidi ya wenzake, akafukuzwa chamani. Mwaka 1975, Wareno wakiwa wamekwisha kukubali kuondoka, alikamatwa na kuletwa Nachingwea, akalazimishwa kusoma ungamo refu hadharani mbele ya umati uliokusanywa kambini. Tarehe 24 Mei Samora alianza safari ya ushindi kutoka Ruvuma hadi Maputo, na tarehe 25 Juni Msumbiji ikawa huru. Simango alipelekwa kifungoni Niassa, akauawa kwa siri bila kufikishwa mahakamani. Mkewe Celina naye aliuawa baadaye, na familia haikukabidhiwa mwili wa yeyote kati yao.

Mmoja wa watoto walioachwa na wazazi hao, Daviz Simango, aliyezaliwa mwaka 1964, alichaguliwa kuwa meya wa Beira mwaka 2003 akiwa mpinzani wa FRELIMO, mwaka 2009 akaanzisha chama chake cha MDM, na alipofariki mwaka 2021 uongozi wa chama hicho ukachukuliwa na ndugu yake, Lutero.