Utelezi wa Kiwanja: Kutoka Reli ya Makindu hadi Murram ya Kitui

Historia ya kupima utelezi wa viwanja vya ndege husimuliwa sana kama historia ya mashine: nani aliunda toroli lipi, lilivutwa kwa mwendo gani, lilitoa namba ipi. Ukiitazama kutoka kaunti za Kitui na Makueni, huko Ukambani nchini Kenya, unaona kwamba wasimulizi wameishika kwenye makali badala ya mpini. Tangu ndege zilipoanza kuwa nzito, kilichomwezesha rubani kusimama kabla ya mwisho wa njia ya kurukia ndege ni taarifa ya mtu aliyekagua uwanja muda mfupi kabla ya kutua. Mashine ilikuja kumsaidia mtu huyo, kisha kwa miaka mingi ikapewa cheo kisichoistahili. Ikiwa ndivyo, basi viwanja vya murram vya Ukambani, yaani vya udongo mwekundu wenye changarawe, ambavyo havijawahi kuvutiwa toroli lolote, vimo ndani ya historia hii tangu mwanzo, na vina haki ya kudai sehemu yake.

Tatizo lenyewe lilifika Makueni kabla ya ndege. Reli iliyotoka Mombasa ilipita Mtito Andei, Kibwezi na Makindu kabla ya kufika Nairobi mwishoni mwa Mei 1899, na tangu hapo kila dereva wa treni alijua jinsi gurudumu la chuma linavyoweza kuisaliti reli ya chuma. Umande wa alfajiri unatosha. Gurudumu huzunguka bure, mvuke hupumua kwa kasi ghafla, na mabehewa yaliyojaa mzigo hubaki palepale. Dawa ilikuwa mchanga: injini ilibeba kisanduku cha mchanga mkavu, na bomba jembamba likaumwaga mbele ya gurudumu pale dereva alipovuta wenzo. Hata zile injini kubwa za Garratt za miaka ya 1950, zilizopewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, zilitegemea mchanga huo kwenye mwinuko wa kutoka pwani. Hapakuwa na namba ya msuguano kwenye chumba cha dereva. Palikuwa na sikio, jicho, na habari kutoka kwa aliyepita mbele yake. Naitaja reli kwa sababu inaonyesha mpangilio wa asili wa ujuzi huu: kwanza mtu anayeisoma hali, kisha chombo cha kuirekebisha.

Viwanja vya ndege vilianza kwa mpangilio huohuo. Katika majira ya baridi ya 1946–47, kwenye uwanja wa Fornebu, Oslo, mkaguzi Ottar Kollerud alichukua lori lililopakiwa mchanga, akaliendesha kwa mwendo wa kama kilomita 30 kwa saa juu ya barafu, akakanyaga breki hadi magurudumu yakafunga, kisha akapima lilichukua muda na umbali gani kusimama. Aligundua pia kwamba ndege ilipata takriban nusu tu ya msuguano uliopatikana na lori. Ugunduzi huo wa pili ndio mzito zaidi, na ndio uliosahaulika upesi. Tangu siku za mwanzo ilijulikana kwamba namba ya gari si namba ya ndege. Katikati yake kuna daraja ambalo lazima mtu alijenge kwa kuielewa ndege, tairi na uso wa njia.

Wapenzi wa mpira wanaijua siku ambayo daraja hilo lilikosekana, hata kama hawajawahi kuifikiria kwa namna hii. Tarehe 6 Februari 1958, huko Munich, ndege iliyowabeba Manchester United ilijaribu kuruka kwa mara ya tatu kwenye njia iliyotandwa theluji iliyoyeyuka nusu. Ilikuwa imeshafikia mwendo ambao haiwezi tena kuahirisha kuruka kwa usalama, kisha mwendo ukaanza kushuka, kana kwamba kuna mkono umeivuta kwa nyuma. Walikufa watu 23, wakiwemo wachezaji wanane. Rubani James Thain alilaumiwa kwa barafu ya kwenye mabawa, na ikamchukua hadi mwaka 1969 ndipo uchunguzi wa Uingereza ulipomwondolea lawama na kuelekeza kidole kwenye ule uji wa theluji chini ya magurudumu. Mtu mmoja alibeba kwa miaka 11 kosa la uso wa njia ambao hakuna aliyeupima ipasavyo. Mwezi mmoja baada ya ajali hiyo, Machi 1958, Gavana Evelyn Baring alifungua uwanja wa Embakasi jijini Nairobi, uliojengwa kwa jasho la mahabusu wa Mau Mau, na Kenya ikaingia katika enzi ya ndege kubwa.

Miaka ya 1960 ilileta sayansi. Mwaka 1963, Walter Horne na mwenzake Dreher wa shirika la anga la Marekani, NASA, walieleza jinsi tairi inavyoelea juu ya maji. Kanuni yao inaweza kukokotolewa na mwanafunzi wa sekondari ya Wote au Mwingi: chukua mgandamizo wa hewa ya tairi kwa pauni kwa inchi ya mraba, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 9, upate mwendo kwa maili za baharini kwa saa. Tairi yenye mgandamizo wa 196, kama zilivyo za ndege kubwa za abiria, itaanza kuelea kwenye dimbwi ikifika maili 126, yaani kilomita 233 kwa saa. Juu ya mwendo huo, breki inafanya kazi juu ya maji, haifanyi kazi juu ya lami. Waingereza nao waliunda toroli la Mu-Meter, lenye magurudumu mawili ya kupimia yaliyopindishwa nyuzi 7.5 kila moja kuelekea nje, likivutwa na gari huku maji yakimwagwa mbele yake kwa kina cha milimita 1. Baadaye Uskochi ikatoa GripTester, Sweden ikatoa gari la Saab lenye gurudumu la tano. Pia ilikubaliwa duniani kwamba kila uwanja wa lami upimwe kwa vipindi, na mpira unaoachwa na matairi ukwanguliwe pale namba inaposhuka.

Hapo ndipo cheo cha mashine kilipopanda kupita kiasi. Viwango vya kimataifa vyenyewe vinatoa ushahidi. Kwa mwendo wa kilomita 65 kwa saa, kiwango cha chini kinachokubalika ni 0.42 kwa Mu-Meter, 0.43 kwa GripTester, na 0.50 kwa gari la Saab. Lami ni ileile, maji ni yaleyale, namba ni tofauti, kwa kuwa kila mashine ina tairi yake, uzito wake na namna yake ya kuburuta. Namba hizo zinamfaa sana fundi anayetaka kujua kama njia imechakaa kuliko mwaka jana. Hazimfai rubani aliye angani anayeuliza kama atasimama leo. Usiku wa tarehe 8 Desemba 2005, kwenye uwanja wa Midway mjini Chicago, marubani wa ndege ya Southwest walipokea taarifa za breki zilizotofautiana, wakatua kwenye theluji, wakapitiliza hadi barabarani na kuligonga gari lililokuwa na mtoto wa miaka sita, akafa. Kutokana na ajali hiyo Wamarekani walianza kutafuta lugha moja ya kueleza hali ya njia, na tarehe 4 Novemba 2021 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga likaanza kutumia utaratibu mmoja kwa dunia nzima, Kenya ikiwa mwanachama. Mtu hukagua njia kwa theluthi tatu. Kila theluthi hupewa alama kuanzia 6 kwa njia kavu hadi 0 kwa ile isiyofaa kabisa: 5 ikiwa imelowa, 3 ikiwa imelowa na inajulikana kwa utelezi, 2 ikiwa maji yametuama kwa kina kinachozidi milimita 3. Anatazama, anapima kina, anakadiria ni sehemu gani ya njia iliyofunikwa, anaandika. Namba ya toroli haipelekwi tena kwa rubani ili apigie hesabu ya kutua. Baada ya miaka 70 na zaidi, dunia imerudi kwa mtu anayetembea uwanjani.

Sasa turudi Ukambani. Makindu kuna kiwanja kidogo cha ndege, Kitui kipo, na Mutomo kipo karibu na hospitali ya misheni. Vimehudumia maofisa, wamisheni na hasa wagonjwa, tangu enzi ya madaktari wa ndege walioanzishwa mwaka 1957 na Michael Wood pamoja na wenzake Archibald McIndoe na Tom Rees, shirika tunalolijua kwa jina la AMREF. Murram ina tabia mbili zinazopingana. Wakati wa kiangazi, changarawe iliyoachana na udongo hukaa juu kama gololi, na gurudumu lililofungwa breki hubingirika nayo. Mvua ikinyesha juu ya vumbi la miezi minne, udongo mwekundu hugeuka utando laini wa matope, na changarawe iliyo chini yake haigusani tena na tairi. Ukambani hutegemea zaidi mvua za Oktoba hadi Desemba kuliko zile za Machi hadi Mei, kwa hiyo siku ya hatari kubwa inaweza kukisiwa kwenye kalenda: ile mvua ya kwanza baada ya kiangazi kirefu. Anayetunza kiwanja cha aina hii hupima kwa kisigino, akiona kinazama kiasi gani. Huendesha gari zigizaga kwenye njia na kukanyaga breki. Hutazama kama madimbwi yamekauka au yameota ngozi juu huku chini ni uji. Kwa kanuni ni kazi ya Kollerud, bila barafu.

Yapo mapingamizi ya haki. La kwanza ni kwamba ndege zinazotua huko ni ndogo na za polepole, hivyo habari za kuelea juu ya maji hazizihusu. Hesabu ya Horne inakataa. Tairi ya ndege ndogo yenye mgandamizo wa 36 inaanza kuelea kwa maili 54 za baharini, kilomita 100 tu kwa saa, na ndege nyingi za injini moja hugusa ardhi kwa mwendo wa karibu na huo. Mamlaka ya anga ya Uingereza huwashauri marubani wa ndege ndogo wazidishe umbali wa kutua kwa 1.35 kwenye nyasi zilizolowa, na hadi 1.6 pale nyasi zilizolowa ni fupi sana. Anayehitaji mita 500 atahitaji 675, au 800. Kwenye njia fupi, tofauti hiyo ndiyo iliyopo kati ya kusimama na kuingia kichakani.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: jicho la mtu hudanganyika, na mtu huweza kushurutishwa aseme kiwanja ni kizuri kwa sababu mgeni mheshimiwa yuko njiani. Ni kweli, na silipuuzi. Lakini mashine haikuwahi kuliondoa tatizo hilo, kwa kuwa namba nayo ilitolewa na mtu aliyechagua lini apime na wapi. Kinachopunguza udanganyifu ni maneno yaliyokubaliwa, saa iliyoandikwa na jina la aliyekagua, ndiyo maana utaratibu wa 2021 unataka kina kwa milimita na si sifa tu. Jedwali lake liliandikwa kwa kufikiria lami na saruji. Murram inastahili jedwali lake, na wenye ujuzi wa kuliandika ni hawahawa wanaokanyaga udongo huo. La tatu, kwamba dawa ni kutia lami kila mahali, nalijibu kwa ufupi: lami iliyosuguliwa na kuachwa bila mtu wa kuikagua huteleza vilevile, na fedha za lami zikikosekana leo mgonjwa wa Mutomo bado anahitaji ndege leo.

Serikali za kaunti za Kitui na Makueni, pamoja na wasimamizi wa viwanja hivi, wanaweza kumlipa mkaguzi mmoja kwa kila kiwanja, wampe rula, daftari lenye safu ya tarehe, saa, kina cha maji na hali ya kila theluthi, na simu ya kumfikia rubani kabla hajaondoka uwanja wa Wilson, Nairobi. Mvua za vuli huanza Ukambani mwishoni mwa Oktoba, na daftari hilo linapaswa kuwa limefunguliwa kabla yake.