Pepo huulizwa jina

Kiswahili husema pepo amempanda mtu. Hatusemi pepo imempanda. Sarufi imempa kiumbe huyu upatanisho wa a-wa, sawa na mtu au mnyama, ilhali Pepo ile ya wachamungu imebaki katika ngeli ya i-zi. Naye aliyepandwa huitwa kiti. Hebu tafakari neno hilo. Kiti ni mahali pa mgeni kuketi, na mgeni akishaketi, mwungwana humwuliza atokako na alilojia kabla ya kumwonyesha mlango.

Hivyo ndivyo uganga wa pepo ulivyofanya kazi katika miji ya pwani yetu. Kupunga pepo si lazima kuwe kumfukuza. Mganga humfukiza mgonjwa, ngoma hupigwa, na pepo apandapo kichwani huulizwa: u nani, watoka wapi, wataka nini? Akijibu, huanza mapatano. Pengine ataka kitambaa, pete au karamu kila mwaka. Akipewa, humwacha kiti wake apumue. Wapo wanaotolewa kabisa, lakini wengi hubaki, na mgonjwa wa jana huja kuwa mganga wa kesho.

Ndiyo maana kosa kubwa kilingeni ni kuwachanganya. Mtoro bin Mwinyi Bakari, katika Desturi za Wasuaheli iliyohaririwa na Carl Velten mwaka 1903, hakuwaandika pepo kama kundi moja. Aliwatenga kwa aina na kwa ngoma zao. Ruhani ni msafi, tena Mwislamu: hutakiwa udi, marashi na kombe, yaani aya zilizoandikwa kwa zafarani sahanini, zikaoshwa na kunywewa. Pepo wa bara hana haja na marashi hayo. Yeye ataka ngoma na damu ya mbuzi. Kitimiri jina lake lafanana na Qitmir, jina ambalo wafasiri wa Kurani humpa mbwa wa Watu wa Pangoni. Na Unguja kuna kibuki, pepo wa Bukini, yaani Madagaska. Huyu ni Mkristo wa ukoo wa kifalme, hunywa brandi na kuchezewa kodiani! Wanaompokea ni Waislamu ambao siku nyingine pombe hawaigusi, na hakuna kilingeni anayeona ajabu, kwa kuwa anayekunywa ni mgeni.

Ukiwapanga pepo hawa, Mwarabu, Mhabeshi, Mmasai, Mbuki hata Mzungu, umepanga orodha ya waliopita pwani kwa biashara, kwa vita na kwa utumwa. Kumbukumbu hii wameitunza zaidi wanawake, ambao waandishi wa tarehe za miji yetu hawakuwauliza kitu.

Nasema haya kwa sababu nasoma tasnifu nyingi za uzamili, na zimeanza kunikera. Ruhani ni shetani, kitimiri ni shetani, hata koma za Wagiriama, ambazo ni roho za wazee wao waliokufa, eti nazo ni mashetani. Najua Unguja na Kwale wenyeji hutumia neno hilo. Lakini kwao ni jina la jumla tu, kama tusemavyo wageni. Baada yake ndipo kazi huanza. Wanafunzi wetu wao huishia hapo. Nadhani chanzo kimojawapo ni tafsiri ya Biblia, iliyomfanya pepo kuwa mchafu moja kwa moja, ingawa mwizi msalabani ameahidiwa kuwa peponi. Sheria ya Uchawi ya 1925 nayo haikusaidia: mbele ya hakimu wa kikoloni, mganga na mchawi walikaribia kuwa kitu kimoja. Sikuombi, msomaji, uamini pepo. Nataka tuandike walichosema watu.

Chukua mfano wa Wagiriama. Mwanaanthropolojia David Parkin alikaa kwao miaka ya 1960, katika nchi ya minazi nyuma ya Mombasa. Alikuta watu walioambiwa na waganga kwamba waliowashika ni pepo wa Kiislamu, na kwamba hawatapona ila wakifuata miiko ya pepo hao: wafunge Ramadhani, wasile nyama isiyochinjwa Kiislamu, wasinywe tembo la mnazi. Baadhi yao walikuwa vijana waliokuwa wakinunua minazi na mashamba. Ugiriamani tembo ndilo lililofunga mahari, maziko na urafiki. Tajiri asiyewanywesha wenzake ni mchoyo, pengine na zaidi ya mchoyo. Sasa kijana huyu amepata udhuru ambao hakuna mzee awezaye kumlaumu kwao. Si yeye anayekataa kuketi kilabuni. Ni pepo wake, na pepo huyo ana dini yake. Parkin hakudai kwamba walikuwa wakiigiza. Maradhi yalikuwa maradhi, na waliumwa kweli. Lakini angeandika tu kwamba walikuwa na mashetani, tusingejua ni kwa nini mtu wa Kaloleni aliacha tembo mwaka ule alionunua shamba la jirani yake.